Maji ya Birika Ndani ya Gobore

Jumapili, Februari 2014. Kitanga.

Ukungu tangu asubuhi, na baridi ya kuvaa sweta. Mvua imetukimbia wiki nzima. Moyo wangu umetulia leo, ila ni utulivu wa mtu aliyeiba na bado hajaulizwa.

Nguruwe pori wamekula robo ya shamba letu. Mahindi yaliyoanza kukomaa wameyalaza chini na kutuachia magunzi.

Na aliyewafungulia mlango ni mimi.

Mume wangu, Baba Neema, hulinda shamba kwa gobore la marehemu baba yake, na kibali chake anacho. Baruti nyeusi alikuwa akinunua kwa mzee mmoja wa Kibondo. Mwaka huu mzee huyo kaacha kazi, macho yamechoka. Ndipo jana jirani yetu, Baba Zawadi, akatuletea kopo. Ndani mna baruti ya aina nyingine, aliyoitoa kwenye risasi za bunduki za kisasa alizookota porini karibu na Mtabila, ilipokuwa kambi ya wakimbizi.

Sikuipenda tangu nilipoiona. Si vumbi jeusi tulilolizoea. Ni punje ndogo zinazong'aa, utadhani mbegu za mchicha.

Baba Neema hupimia baruti kwa ncha ya pembe ya pongo iliyochongwa na baba yake. Hujaza hadi kwenye alama, haongezi wala hapunguzi. Anaiamini kuliko mizani ya dukani. Jana alasiri nikamwona anaijaza ile baruti ya kopo, hadi alama ileile.

Nikamwambia, "Baba Neema, kikombe cha unga wa mahindi ukikijaza unga wa muhogo, unapata ugali uleule?"

"Bunduki si sufuria, mama. Pembe hii haijawahi kumdanganya mzee wangu."

"Mzee hakuwahi kuipimia hiyo."

Baba Zawadi akaangua kicheko, na hapo nikajua nimeshindwa. Mume wangu ukimbishia mbele ya mtu ndiyo kwanza anashupaa.

Nilimkumbuka mjomba wangu Yona. Akikusalimia lazima ageuze kichwa kizima, kwa sababu jicho la kulia lilikwenda na gobore lililopasuka kwa baruti iliyozidi nguvu. Niliogopa.

Jirani akaondoka, Baba Neema akaenda kuoga. Gobore lilikuwa limeegemea ukuta ndani, limeshashindiliwa. Nikachukua birika la maji ya kunawa, nikayamimina kwenye mtutu mpaka yakafurika, nikangoja yapenye hadi kwenye baruti, nikayamwaga ya juu, kisha nikapangusa kwa khanga. Akatoka, akalibeba, akaenda zake kulala kwenye kibanda cha shambani.

Leo amerudi kulipopambazuka. "Limegoma," akasema. Nguruwe walikuwa wakitafuna mbele yake, naye anafyatua, halilii. Baba Zawadi kapita barabarani kumtania kwamba gobore nalo limezeeka kama mwenyewe. Hilo liliniuma. Mume wangu si mtu wa kuchekwa, na aliyemfanya achekwe ni mimi.

Baadaye akakaa barazani kulisafisha. Akaliinamisha, maji yakachuruzika sakafuni. Akayatazama. Akatazama juu, mbingu kavu.

"Mama Neema, jana ilinyesha?"

"Kidogo."

"Ndani ya nyumba?"

Nikaendelea kupuliza moto.

Nilingoja ukali, na kusema kweli ningeustahili, maana chakula cha watoto ndicho kilicholiwa. Lakini aliinuka, akachukua lile kopo, akaenda nyuma ya nyumba, nikasikia akiimwaga baruti chooni. Akaingia jikoni na pembe yake, akaiweka rafuni kando ya kikombe changu cha unga.

Tumechoma mahindi machache yaliyosalia. Akaketi kando yangu, akaanza kulipukuchua hindi lake la moto, akinitilia punje kiganjani. Mimi punje sikuziangalia. Nilikuwa naangalia vidole vyake, vyote vipo.

Nimwombe msamaha, au tayari umeshapita kati yetu? Sijui.

Nguruwe watarudi, na baruti hatuna. Jioni tutakwenda wote wawili kupiga madebe. Na tukilala njaa mwaka huu, nitalala njaa kando ya mtu mwenye macho yote mawili.