Jirani Uliyemhamishia Sur

Mpendwa Mwalimu,

Kitabu chako cha mwisho kinakwenda kuchapwa, nawe hupo tena kukiona. Aliyenipa habari hiyo ni mwanao Helen, kwa simu kutoka kwenu Uingereza, Jumatatu asubuhi, na nilimwomba arudie ili niandike sawasawa. Swali lake la kwanza, hata hatujasalimiana vizuri, lilikuwa kama Mzee Hilal, mume wa shangazi yangu, bado yu hai. Nilimwambia alifariki mwaka jana. Kisha akasema uliumaliza mswada zamani, ukaufungia kabatini, na kwamba ni kisa cha mwanamke wa Sur, pwani ya Oman, anayepika mikate ya kuuza, ambaye ujanani alimwacha mwanawe wa kwanza kisiwani.

Hapo nilianza kukushuku. Nakushuku kwa sababu nakujua ulivyofanya kazi.

Wasomaji wangu wa gazetini hawakujui kama nikujuavyo, kwa hiyo niseme kwa ufupi. Ulizaliwa katika mji mdogo wa mvua, binti wa fundi saa. Ukiwa kijana ulifundisha wasichana Unguja, na huko ukakipata Kiswahili chako, kile cha mjini, hata wazee wetu waliokuja nacho Oman walikuwa wakinyamaza kukusikiliza. Riwaya ya kwanza uliiandika huko. Baada ya hapo hukupumzika: za polisi, za mapenzi, za majasusi. Hizi za majasusi ulizitia jina la mwanamume, kwa kuwa mchapishaji alikwambia hakuna mwanamume atakayenunua jasusi aliyeandikwa na mwanamke. Wahakiki wa kwenu walikusema kwamba unaandika mno. Wewe ulijibu kwamba mwashi haulizwi kwa nini anajenga nyumba nyingi.

Miaka ya tisini ilipoanza ulikuja Ibra, hapa Oman, kufundisha Kiingereza chuoni, ukapanga chumba cha juu katika nyumba ya Shangazi Zuwena, dada yake baba yangu, aliyenilea. Mumewe alikuwa Mzee Hilal. Mimi ulinifundisha chuoni na kunisahihisha nyumbani. Ikishaswaliwa alasiri ulifunga mlango, na mashine yako ya chapa ilisikika mpaka magharibi. Hata ulipokuwa na homa hukuacha. Shangazi alikupandishia uji, akarudi akicheka kwamba unakunywa kwa mkono mmoja na kuandika kwa wa pili.

Namkumbuka zaidi Khalfan, dereva wa teksi aliyekuwa akitupeleka Nizwa Ijumaa kwenye mnada wa mbuzi. Ulimtia katika riwaya ukamfanya mvuvi wa Ras al Hadd. Nilimsomea ukurasa huo njiani, nikimfasiria, nawe umekaa nyuma umetazama nje.

"Huyu ni mimi!" akapiga usukani. "Kanitia baharini! Binti yangu, mimi maji ya mfereji wa falaji yakitikisika tu natapika."

"Endelea kusikiliza, Ami Khalfan. Una wake wawili."

"Wawili? Huyo wa pili yuko wapi? Mwambie Bi Mwalimu amlete, tuko njiani!"

Ulicheka mpaka ukavua miwani. Kisha ukasema neno ambalo sijalisahau: "Sibuni watu, Khalfan. Nawahamisha nyumba tu."

Basi Helen aliponitajia mwanamke wa Sur, nilijua kahamishwa kutoka nyumba gani.

Unaikumbuka kahawa ya asubuhi, sinia la tende katikati na wanawake wa mtaani wamelizunguka. Wengi wao walitoka Unguja na Pemba. Kwenye sinia hilo mtu hataji jambo zito kwa jina lake. Husema, "Nilikuwa na jirani yangu mmoja." Kila aliyeketi anajua jirani ni nani. Haulizwi jina, hadadisiwi, na kisa hakitoki mlangoni.

Siku moja Shangazi alisema alikuwa na jirani yake. Huyo jirani aliolewa mdogo huko Unguja, akazaa mtoto wa kiume, ndoa ikavunjika, baba akamchukua mtoto. Yalipokuja mapinduzi, ndugu zake jirani walimleta Oman, mtoto akabaki kwa baba yake. Basi. Tukainamia vikombe. Mimi nilikuwa nishakua, nilielewa. Wanawe Shangazi aliowazaa na Mzee Hilal hawakuwapo, na mpaka leo hawana habari kwamba wana kaka.

Wewe ukauliza, "Alikuwa na umri gani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuuliza swali katika sinia lile. Aliyekaa kulia kwangu alinifinya paja. Lakini Shangazi alikujibu: "Ndiyo kwanza anajifunza kuhesabu. Akifika tano, anarudi moja."

Alasiri ile mashine yako ilianza mapema.

Kwa muda nilijaribu kukutetea, kama ninavyofanya kwa kila ninayemshuku, kabla sijaandika. Labda hukujua desturi. Labda ulidhani jirani ni jirani. Lakini utetezi huo haukusimama, kwa sababu nakumbuka asubuhi nyingine, kabla ya ile, wewe mwenyewe ulipotuambia kwamba kwenu ulikuwa na jirani ambaye mumewe alihama na kumwachia mtoto mchanga, naye akaandika vitabu vya majasusi ili alipe kodi. Hakuna aliyekuuliza kitu. Shangazi alikusogezea halwa. Kwa hiyo ulijua vizuri, Mwalimu. Sinia lile lilikufunika, nawe ukalifunua.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipoendesha gari kutoka Maskati hadi Ibra siku iliyofuata.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso huo? Gazeti limekufukuza?"

"Bado."

Alikuwa akitoa kokwa za tende. Nilimweleza yote, kitabu na mwanamke wa Sur. Alisikiliza bila kusimamisha mikono.

"Sur?" akasema. "Mimi kanipeleka Sur? Kwenye joto lile? Na mikate nauza! Mimi mkate nishauuza lini?"

"Shangazi, huyu mtu kakuibia."

"Kaniibia nini? Hebu nambie, wewe uliyesoma. Mtu anayetaka jambo lake lifichike, atakwenda kumwambia mwandishi wa vitabu?"

Nimewahoji watu wengi, na nikijibiwa hivi hunyamaza ili mtu aendelee. Akaendelea.

"Barua sikuwa na pa kuipeleka. Kila niliyemtuma Unguja alirudi na salamu za watu wengine. Na yeye Bi Mwalimu vitabu vyake vinafika Mombasa, vinafika Dar, mwenyewe kanambia. Nikasema, mwanangu huyo, kama yu hai, huenda kasoma. Huenda siku moja akakishika. Akifika hapo pa kuhesabu, atajijua."

"Na Mwalimu alielewa?"

"Si aliuliza umri! Mtu haulizi umri wa mtoto wa jirani. Pale pale nikajua kakubali."

"Mbona basi hakikutoka miaka yote hii?"

Sasa ndipo mikono iliposimama. "Kwa ajili ya Hilal. Hilal alijua tangu siku ya posa. Aliniomba jambo moja tu, lisitajwe mbele ya watoto wetu maadamu yu hai. Nikamkubalia. Na Bi Mwalimu siku anaondoka nilimwambia hilo, pale jikoni. Hakusema ndiyo, hakusema la. Kanibusu, kenda zake. Halafu nikangoja. Kinatoka cha polisi, kinatoka cha mapenzi, changu hakitoki. Wallahi nilimnung'unikia. Nikasema kanisahau."

Nikaelewa swali la Helen. Nikaelewa pia simu zako za kila Idi, ambazo mimi ndiye niliyekuwa nikizipokea. Kabla ya kuniuliza kazi yangu, kabla ya kumuulizia Shangazi, ulimuulizia Mzee Hilal. Nilidhani unampenda zaidi yetu. Ulikuwa unaangalia kama njia imefunguka.

Usidhani nimekusafisha. Miaka niliyofanya kazi hii imenifunza kutoufurahia ushahidi unaokuja umekamilika. Shangazi ni mtu mwema na ana hamu yake, na mwenye hamu hulainisha hata jiwe. Yapo maswali mawili ambayo hakuna aliyenijibu. Kwanza, ulipiga simu kila Idi. Kwa nini hukumwambia hata kwa neno la kuzungusha kwamba kitabu kipo? Ungemwondolea manung'uniko ya miaka. Pili, je, ulikifungia kabatini kwa ajili ya ahadi, au kwa sababu ulijua kisa kizuri hakiozi kikikaa? Wewe uliyekuwa hukai mwezi bila kupeleka kitu kwa mchapishaji! Huwezi kunijibu, nami sitakujibia.

Kitu kimoja niliweza kukihakiki, nikakihakiki. Nilimpigia Helen nikiwa uani kwa Shangazi, nikamuuliza kama mtoto wa kitabuni anahesabu. Nilisikia kurasa zikifunuliwa. Akanisomea: mtoto yuko mlangoni, anahesabu, akifika tano anarudi moja. Mji umeuhamisha, kazi umeibuni, mume umempa jina na ndevu ambazo Mzee Hilal hakuwahi kuwa nazo. Hilo la kuhesabu umeliacha pale pale ulipolipokea. Nilipomwambia Shangazi, alivuta mtandio usoni na kukaa hivyo. Mimi nikamalizia kokwa.

Basi hiyo ndiyo habari, Mwalimu. Nimekukumbuka wiki hii kuliko wiki ya msiba wako, na mara nyingi kwa hasira. Sauti ya mashine yako juu ya dari ndiyo iliyonifunza kwamba kuandika ni kazi ya kukaa chini kila siku; hilo silikani. Nilikuamini wakati ule, na nusu ya imani hiyo imerudi. Nusu ya pili inangoja nikisome kitabu chenyewe. Mungu akufanyie wepesi huko uliko, hata kama hukuwa wa dini yetu. Shangazi anakuombea, na mimi siwezi kupingana naye nyumbani kwake.

Helen anangoja idhini ya Shangazi kabla ya kuchapa, nami naingoja kabla ya kuitoa barua hii gazetini; hajaitoa bado. Anasema wanawe hawatasoma habari ya kaka yao dukani kabla ya kuisikia kwa mama yao, na akiisema hatamsingizia jirani. Amewaita wote chakula cha mchana, Ijumaa baada ya sala. Mkubwa wao, Nasser, atatoka Nizwa na familia yake. Mimi nimepewa kazi ya kumleta binti wa Shangazi kutoka Tiwi. Jumamosi asubuhi nitampigia Helen kumpa jibu la Shangazi, ndiyo au la.

Mwanafunzi wako,
binti wa nyumba ya Ibra