Jina Lako Kwenye Zabuni ya Mtaro wa Zahanati

Bunju, Dar es Salaam
Jumapili asubuhi

Mdogo wangu Zaituni,

Shikamoo yako ya juzi niliisikia kwenye simu, na marahaba yangu ikatoka nusu kwa sababu nilijua Sefu amekaa karibu anasikiliza. Ndiyo maana nimeandika barua, nampa jirani yako Mama Mwajuma, aliyekuwa huku Kawe akimwuguza binti yake. Nimemwambia akukabidhi wewe mkononi, si mumeo.

Mnaendeleaje? Kifua cha Rama kimepoa? Mama anameza dawa zake za presha au bado anazificha chini ya mkeka? Mie mwili mzima, ila nina hasira ambayo haijaniacha nile vizuri tangu nirudi kutoka huko. Na hasira yenyewe wewe umo ndani yake, ingawa hujui.

Unakumbuka nilipokuja mara ya kwanza, mvua ikinyesha, nikashinda siku mbili pale nyuma ya zahanati nimevaa mabuti na futi mkononi? Ulicheka ukasema dada amerogwa na matope. Halmashauri ya mji wenu ilikuwa imetangaza zabuni ya kujenga mtaro wa mawe na kalavati mbili, yale mapitio ya maji chini ya barabara, ili maji yaache kuingia wodi ya wazazi. Kazi yenyewe ilitengwa kwa kampuni za wanawake tu. Zaituni, mie ni mkandarasi wa daraja la chini kabisa. Miaka yote nimekuwa nikichukua vipande vya kazi za watu, mtaro wa Ukonga, ukuta wa Kawe, jina la mwingine kwenye bango. Hii ilikuwa yangu. Na ilikuwa ya nyumbani. Wewe mwenyewe ulimzaa Rama kwenye wodi ile, manesi wamevaa mabuti, ndoo zinaelea. Nilipima kila hatua. Nikapiga hesabu ya maji, nikaona pale hapafai bomba dogo, panataka kalavati ya zege, mtu aweze kuingia ameinama. Nikaomba.

Majibu yakaja kwamba nimeenguliwa kwa kukosa uzoefu. Nikapanda basi kuja kuuliza.

Ofisa manunuzi alinipokea vizuri, akaniagizia hata chai. "Sista," akasema, "kubali matokeo. Aliyeshinda naye ni mwanamke, tena wa hapa hapa. Usije ukasema tumempa mwanaume."

Akanigeuzia faili nione, ili ninyamaze. Mkurugenzi wa kampuni: Zaituni Hamisi Chilumba. Nikadhani ni majina tu kufanana. Halafu nikaiona sahihi. Jina zima, herufi za shule, na ile N yako iliyogeuka nyuma mbele, uliyopigiwa fimbo tangu darasa la pili na haikunyooka.

Nilitoka pale chai sijaimaliza. Nikaja moja kwa moja kwako. Ukanipikia kisamvu, na Sefu hakubanduka sebuleni. Nikakuuliza kama natania, "Zaituni, umewahi kufungua kampuni?"

Ukacheka. "Dada, mie na kampuni wapi na wapi? Labda zile fomu za kikundi cha kina mama alizoniletea baba Rama."

Sefu akasema, macho yake kwenye televisheni, "Zile za mkopo wa vikundi, bado hazijajibiwa."

Basi sikiliza sasa, mdogo wangu. Hazikuwa za mkopo. Ulisaini kuwa mwenye kampuni ya ujenzi. Sefu ni dereva wa mhandisi wa mji, na kampuni ni ya mhandisi. Wewe wamekuvaa kama kanzu ya kuazima. Haya siyabuni, Sefu aliniambia mwenyewe aliponisindikiza stendi.

"Shemeji, usikasirike," akasema. "Kazi utafanya wewe. Jina tu ndilo la Zaituni. Mhandisi anakujua, anakukubali."

Sitakudanganya, nilisita. Nina mafundi sita wanaoshinda wamekaa kwenye kreti za soda mbele ya nyumba yangu, na mashine ya zege imefunikwa turubai. Nikamwuliza, "Na kalavati? Mtajenga ile niliyochora?"

Akacheka kidogo. "Mabomba madogo yanatosha, shemeji. Yakishafukiwa, nani atachimbua?"

Nikamwambia, "Mkeo alizalia mle ndani, Sefu."

Akajibu, "Si alitoka salama?"

Neno hilo ndilo nililorudi nalo Dar. Nimelitafuna njia nzima na bado liko mdomoni. Mtu amekaa nje ya wodi ile akisubiri mtoto wake, ameyaona maji kwa macho yake, na leo anasema hivyo kwa sababu bosi wake amemwahidi kitu. Mhandisi simjui, nitamchukia kwa mbali. Lakini Sefu amekula kwetu. Baba kabla hajafa alimpa mkono.

Nilipofika Bunju nikamweleza fundi Mnali, msimamizi wangu. Nilidhani atanitia moyo. Akasema, "Bosi, kazi ni kazi. Tuchukue. Wewe ukisusa, wataweka mabomba yao na sie tutalala njaa." Nikamjibu nikiyaweka mimi itakuwa ni mimi niliyeizamisha ile wodi. Akanyanyua begi lake la zana akaenda kwa mkandarasi mwingine huko Temeke. Miaka saba tumefanya kazi pamoja. Simlaumu sana, ana watoto.

Nikabaki mwenyewe. Kesho yake nikaandika malalamiko kwa mkurugenzi wa mji: kwamba mwenye kampuni hajui kuwa ana kampuni. Nikaambatanisha michoro yangu na vipimo. Na nikaandika jina lako, Zaituni. Hapo nimekukosea, nalikiri. Sikukuomba ruhusa kwa sababu siku za kulalamika zilikuwa zinaisha na simu yako anaipokea mumeo. Kama una hasira na mie, unayo haki.

Ijumaa wamenijibu. Wamesimamisha kusaini mkataba, na Jumatano ya wiki ijayo kamati itakaa hapo ofisini kwao. Mie nimeitwa, na mkurugenzi wa kampuni ameitwa. Ndiyo wewe. Najua Sefu atakufundisha cha kusema. Atakwambia ukisema ukweli atafukuzwa kazi, na huenda akafukuzwa kweli. Atakwambia dada yako ana wivu. Labda atakwambia na talaka. Chumba changu ni kimoja, lakini wewe na Rama mtaingia, hilo lisikutie hofu.

Usisaini karatasi nyingine yoyote, hata wakikwambia ni ya chanjo ya mtoto. Mama msomee barua hii polepole, na sehemu ya talaka uiruke. Msalimie shangazi Bi Fatu, mwambie mguu nilioutegua siku ile matopeni umepona. Msalimie mwalimu wa madrasa wa Rama, na nesi mkuu wa zahanati, yule aliyenishikia futi mvuani bila kuniuliza chochote. Sefu sina salamu zake.

Jumatano utanikuta nimekaa upande wa pili wa meza. Watakuuliza kampuni yako imewahi kujenga nini. Mdogo wangu, usimtazame Sefu, wala usinitazame mie. Wajibu unachokijua.

Mie dada yako wa tumbo moja,
Somoe