Kikopo Chako cha Ugoro

Baba,

Nimeanza barua hii mara tatu nikairarua. Leo lazima niimalize, kwa sababu kesho asubuhi natoka hapa Kathonzweni kwenda kwa askari wa wanyamapori, na kitu ninachowapelekea ni chako.

Ni kile kikopo cha ugoro. Tulipokuzika Kyuso, Mama alikitoa kwenye koti lako akanipa, nikaja nacho huku kwenye machimbo ya mawe. Situmii ugoro, unajua, lakini jioni mgongo ukiniuma nakigonga kitako kwa ukucha mara tatu, vile ulivyokuwa ukifanya kabla ya kutuamua tukigombana. Basi naona kama uko.

Jumapili nilikisugua kwa mchanga, pale kitakoni palipokuwa peusi. Nilitaka king'ae tu. Mutua, mzee tunayevunja mawe naye, zamani alikuwa mchongaji wa vinyago. Alikichukua, akakigeuza, akauliza kimetengenezwa na nini. Nikamjibu maneno yako: "Mfupa wa ng'ombe, wacha maswali." Akasema, "Mfupa una vitobo vidogo vyeusi. Nionyeshe kimoja."

Nimetafuta, Baba. Hakuna. Kuna mistari inayopishana kama ususi wa kiondo. Mutua anasema hiyo ni pembe ya ndovu, na ukipatikana nayo bila kibali ni kosa kubwa, hata kama umeirithi. Kuuza ndiyo usitaje. Na dereva wa lori la mawe ameshasikia. Kila akija ananiita kando: "Boss, ile kitu iko wapi?" Nakihamisha kila siku. Chini ya godoro, ndani ya buti, kwenye unga.

Ulijua? Mama alikuombea mbele ya kanisa zima uache ugoro, wewe ukawa unaficha kikopo zizini. Tulicheka sana. Sasa sijui ulikuwa unamficha Mama au serikali.

Mutua alisema nikitupe mtoni. Sikuweza. Kitu chako sikitupi kama takataka. Nitawaambia kilikuwa cha baba yangu, na kwamba hakujua. Hilo la kwanza nina hakika nalo.

Ugoro uliobaki nimeumimina kwenye mkebe wa majani chai. Wakiniachilia nitakuja Kyuso, niumwage kaburini kwako, Mama akiwa ameangalia kando.

Pumzika, Baba. Mimi bado.

Mwanao,
Kimanzi