Bibi wa Mpingo wa Hotelini

Mjomba, shikamoo huko Masasi.

Ofisi imenilaza hoteli ya kifahari Temeke, jirani na uwanja wa mpira. Chapati moja wanaikata vipande vinane na kuipa jina la Kizungu, na mavuvuzela unayasikia hadi bafuni. Mapokezi wameweka sanamu ya bibi kizee. Dada wa pale akanionya, “Usiishike kaka, ni mpingo halisi, wa kale.” Nikaipangusa na kitaulo chenye maji walichonipa nifutie jasho. Kikatoka cheusi, rangi ya viatu tupu. Nikawacheka, nikaiinua, na chini nikamkuta yule samaki uliyekuwaga unamchora kama sahihi kwenye vinyago vyako ulipokuwa unachonga pale sokoni Mwenge. Sijawaambia kitu. Mungu akutunze, tapeli wangu.

Mpwa wako, Hamisi