Mume Wangu Anaziba Njia Kidogo Kidogo

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla mume wangu hajamaliza kazi aliyopewa, maana kila nikisikia mwiko wake unagonga tofali moyo wangu unaruka kama panya ndani ya debe.

Mume wangu ni fundi mwashi, na anajenga ukuta wa kiwanja kipya kilichokalia njia yetu ya miguu, ile inayotoka mtaani kwetu hadi sokoni, ambayo watu wa miguu na wa baiskeli wameipita tangu mji huu haujawa mji, na ukiikosa hiyo huna nyingine ila barabara kuu, ambayo wameipanua hadi ukingoni mwa mtaro, malori yana nafasi, magari yana nafasi, mwenye miguu miwili hakukumbukwa. Mwenye kiwanja ni mjanja, alimwambia mume wangu, "Fundi, ukiziba kwa siku moja watakuja na nyundo, ukiziba kidogo kidogo watajilaumu wenyewe," basi mume wangu ameacha mwanya, na kila juma anaupunguza kwa tofali moja, akiulizwa anasema hapo litakaa geti la wapita njia, na watu wanamshukuru, mshauri, wanamshukuru! Juzi nilimpelekea chakula nikamkuta mama muuza mkaa amekwama kiunoni.

"Fundi, mbona leo hapapitiki?"

"Punguza kula, mama."

"Kweli, baba, nimenenepa," akasema, akavuta pumzi akapita kwa ubavu, na foleni yote nyuma yake ikacheka, mimi peke yangu sikucheka, kwa sababu hakuna geti wala halitakuwepo, mume wangu mwenyewe ameniambia.

Sasa mdogo wangu wa kike, tumbo moja, anapeleka mikate madukani kwa baiskeli, na sanduku lake la bati halipiti tena pale, kwa hiyo ameshahamia barabara kuu. Alhamisi alirudi sanduku limebonyea upande mzima, akaniambia huku anacheka, "Dada, lori limenisalimia," lakini chai niliyompa aliitia chumvi. Nikamweleza mume wangu, akasema, "Shemeji aendeshe pembeni." Pembeni wapi, na pembeni ni mtaro? Nikasema basi nitawaambia watu ukweli, akaweka kijiko chini polepole, jambo ambalo hajawahi kulifanya akiwa na njaa, akasema, "Ukifungua mdomo, kazi imekwisha na nyingine sipewi. Na hao watu wakijua nimewadanganya, mwiko huu watanizika nao." Namwogopea yeye, namwogopea mdogo wangu zaidi, kila honi ikilia nasimamisha cherehani nisikilize kama kuna yowe, na mwanya uliobaki ni wa mtu mwembamba. Niseme au ninyamaze?

Mke wa Fundi

*

Mke wa Fundi, pole. Hofu yako ina akili kuliko watu wote waliokuwa kwenye foleni ile, mimi nikiwemo kama ningekuwepo, maana na mimi ningevuta pumzi nikapita.

Lakini acha nikugombeze. Unaogopa mumeo atazikwa na mwiko. Na mdogo wako azikwe na nini, sanduku la mikate? Lori halisalimii mara mbili. Na wewe umekaa na cherehani unasikiliza, kana kwamba yowe likija utaliwahi.

Mumeo si mtu mbaya. Amezoea kuitazama kazi yake tofali moja moja, na tofali moja halijawahi kumuua mtu. Mwenye kiwanja aliwafundisha nyinyi kujilaumu, na fundi akamfundisha kutojilaumu. Wote mmeuziwa na duka moja.

Mdogo wako asipande baiskeli kwenye barabara ile hata kesho. Afike kwenye mwanya, ashushe sanduku, mikate ipitishwe kwa mikono, baiskeli ibebwe kichwani ikibidi. Atachelewa. Wenye maduka watanuna. Waache wanune, watu hawafi kwa kununa.

Kisha fanyeni haraka, kwa kuwa ukuta wenye mwanya unabishaniwa, ukuta uliokamilika unazoeleka. Msiende mmoja mmoja ofisi ya mji, mtaambiwa mrudi kesho mpaka mzeeke. Nendeni kundi zima, na baiskeli zenu, mama muuza mkaa awe mbele, mkaulize njia yetu imekwenda wapi, na msiondoke na jibu la mdomo.

Umeniuliza useme au unyamaze. Mama, umeshasema. Jina lako nimelificha, lakini mji huu una ukuta mmoja tu unaowanenepesha watu, na gazeti hili linasomwa kwa kinyozi kabla jua halijakolea. Ungetaka iwe siri, ungemwandikia mtu asiye na gazeti.

Kwa hiyo, kama bado hajatoka kwenda kazini, mshike mumeo mkono na umsomee hadi hapa ulipofika. Alie, atukane, kisha aende pale akawaambie mwenyewe kwamba geti hakuna. Fundi aliyesema mwenyewe atazomewa hadi adhuhuri, halafu watamwomba aubomoe ukuta, na atajua pa kuanzia.

Kama ameshatoka, vaa viatu umfuate. Usimwache asikie habari hii kutoka kwenye foleni, akiwa peke yake, mgongo umeelekea ukutani.