Ukuta Katika Nyumba ya Mtoto

Geita Mgodini
3 Mei 1954

Baba mpendwa,
Shikamoo, wewe na mama. Sisi hatujambo, na Herman amepona kifua, amerudi kazini. Habari za Tinde? Mtama umeiva?

Mama hasomi, kwa hiyo itabidi umsomee haya, uvumilie mambo ya kike. Mtoto wa pili alipotoka akiwa wa miezi sita kama yule wa kwanza, Herman alinipeleka hospitali ya misheni. Wamenipiga picha. Daktari anasema nyumba ya mtoto ina ukuta katikati, nimezaliwa nao. Mtoto akikua anakosa nafasi, anatoka. Anaweza kunipasua, auondoe, anishone, kisha nikae mwaka mzima kabla ya kubeba mimba tena. Au nijaribu hivi hivi, maana wako wanawake wa namna yangu waliofikisha miezi tisa. Hakunificha kwamba kisu kina hatari yake.

Herman anasema niamue mwenyewe. Mama yake anataka twende kwa mfumu akatupigie ramli. Mama yangu anasemaje?

Mwanao,
Klara


Tinde
21 Mei 1954

Mwanangu Klara,
Marahaba. Sisi wazima, ila ndege wanatumalizia mtama.

Nilipomsomea mama yako nilirukaruka mistari kwa haya. Akajua. Akasema, "Soma yote, baba Klara." Nikasoma yote. Siku tatu baadaye akaniambia niandike kama anavyotamka:

"Klara, hukuwa mimba yangu ya kwanza. Walikutangulia watatu, wote walitoka kabla ya wakati. Wewe ulitanguliza miguu, ukapona. Kwa hiyo mtoto bila kisu nilimpata, lakini nilizika watatu kwanza. Wewe umeshazika wawili. Chagua ukijua hilo."

Hatukukwambia kwa sababu hatukujua pa kuanzia.

Baba yako,
Marcel


Geita Mgodini
14 Juni 1954

Baba,
Shikamoo. Tunaendelea vizuri, natumaini nanyi pia.

Nililia, kisha nikarudi kwa daktari nikamweleza habari za mama. Anasema bila picha hawezi kujua, lakini inawezekana naye yuko kama mimi. Akaniuliza, zamani zile mama aliambiwa sababu ni nini? Nami nakuuliza wewe.

Nimekubali kupasuliwa, tarehe 12 Julai. Nikipata mimba baadaye itanilazimu kukaa karibu na hospitali, maana kovu linaweza kuachia wakati wa uchungu. Ninaogopa kisu, baba, lakini mwezi wa sita wa mimba ninauogopa zaidi. Mama anaweza kuja?

Mwanao,
Klara


Tinde
5 Julai 1954

Mwanangu,
Mama yako ameondoka leo asubuhi na lori la pamba la Mwanza. Amechukua unga wa mtama na kitenge chake kizuri. Huku wote hatujambo.

Umeuliza aliambiwa nini. Yeye hatakwambia, kwa hiyo nakwambia mimi. Mama yangu, bibi yako marehemu, alisema mama yako anakula watoto wake. Miaka miwili hakuna mtu pale nyumbani aliyegusa chakula alichopika. Mimi nilikula, lakini nilikila ndani, mlango umefungwa. Nilikuwa katekista, nilijua ni uongo, na sikumwambia mtu hata neno. Ulipozaliwa wakaacha kusema. Hakuna aliyemwomba radhi.

Baba yako,
Marcel


Hospitali
4 Agosti 1954

Baba,
Shikamoo. Nimepasuliwa salama. Homa ilinishika siku mbili, ikashuka. Nyuzi zimetolewa na natembea hadi uani. Daktari ameridhika na kidonda. La mtoto hakuahidi. Amesema tungoje mwaka upite.

Mama alimwomba amwonyeshe huo ukuta ulivyokuwa. Daktari akachora kwenye karatasi, akamwambia kwamba kuhusu mama mwenyewe hana hakika. Mama aliishika ile karatasi muda mrefu. Akasema, "Kumbe huenda nilikuwa na ukuta tu." Akatoka nje, akarudi macho mekundu, akaendelea kunikorogea uji.

Barua yako niliipata kabla sijaingia chumba cha upasuaji. Sijamsomea.

Mwanao,
Klara


Tinde
17 Agosti 1954

Mwanangu Klara,
Marahaba. Nimefurahi kusikia unatembea.

Umefanya vema kutomsomea. Nimemwomba padri ruhusa ya wiki mbili, na Ignas wa jirani ataangalia ng'ombe. Nafika huko Alhamisi ya wiki ijayo, Mungu akipenda. Mwambie mama yako nakuja kukuangalia wewe. Mengine nitamwambia mwenyewe, mbele yako na mbele ya Herman, na mlango ukiwa wazi.

Baba yako,
Marcel