Watoto Watatu, Watu Wawili

Mjukuu wangu Rehema,

Pokea salamu zangu kutoka Abu Hamour, hapa Doha. Mimi sijambo, cherehani zinakwenda, na mjomba wako anakusalimu, ingawa kuamka mapema bado kunamshinda.

Umeniuliza kwa nini kwenye ile picha ya Kolombia wote wanacheka, mimi nimegeuza uso. Wakati ule nilikuwa yaya, nimefuatana na mabosi wangu kutembelea mji wa kale uliojengwa na Wahispania. Tukasimama kwenye uwanja wenye roshani za maua. Mwongozaji akasema hapo ndipo Waafrika walipouzwa, na katika hesabu za wauzaji watoto watatu waliandikwa watu wawili. Alisema kama anayetaja bei ya nyanya.

"Zuhura, cheka kidogo," madamu akaniambia, kamera mkononi.

Hesabu hainishindi, lakini ile inanishinda mpaka leo. Nilikuwa nimeacha watoto watatu Tanga kwa mdogo wangu, wa mwisho mama yako.

Tuliporudi Doha nilipiga simu kabla sijavua viatu. Nikaongea na wa kwanza, nikaongea na wa pili.

"Dada, kadi itakwisha," mdogo wangu akasema. "Na huyu wa mwisho amelala."

"Mwamshe," nikamwambia.

Bibi yako,
Zuhura